Krapi wa Januari: mwongozo kamili wa jigi, chambo na mbinu kwa tunaovua Kentucky

Kila mwaka ikifika katikati ya Desemba simu yangu hujaa swali moja kuhusu krapi (crappie), samaki wa maziwa ya hapa Kentucky, Marekani. "Aprili nilijaza ndoo nimesimama ukingoni tu. Leo nimekaa tangu asubuhi, miguu imekufa ganzi, sijaguswa hata mara moja. Krapi wamehamia wapi?"

Hawajahama. Wako ziwa lile lile. Wameshuka chini, wamejikusanya sehemu chache, na hamu ya kula imepungua. Ukivua Januari kama ulivyovua Aprili, unatembeza chambo mahali pasipo na samaki, tena kwa mwendo ambao hata angekuwepo asingejisumbua kuufukuza.

Naandika kwa ajili ya wenzangu tuliotoka Kigoma, Uvira, Bujumbura, Mombasa na kwingineko tukajikuta Louisville, Lexington au Bowling Green. Mifano yangu ni ya Taylorsville Lake na Kentucky Lake, lakini aliye Tennessee, Indiana au Missouri atayafanya haya haya. Na dukani usishangae mwenyeji akitamka "kropi". Ni samaki yule yule.

Shika mpangilio huu: kina kwanza, mwendo wa pili, ukubwa wa jigi wa tatu, rangi mwisho kabisa. Wengi huanzia kwenye rangi, ndiyo maana kisanduku cha jigi kimejaa na ndoo iko tupu.

## Vitu vya kuwa navyo

- Fimbo nyepesi yenye ncha laini. Futi 6 hadi 7 kwa anayerusha kutoka ukingoni, futi 10 kwa anayeshusha mshipi wima akiwa kwenye boti au gatini.
- Rili ndogo (kikunjio cha mshipi) yenye mshipi wa nailoni wa ratili 4, yaani unaohimili uzito huo. Penye matawi mengi tumia wa ratili 6. Chagua rangi unayoiona vizuri, kama njano. Sababu nitaieleza hatua ya 9.
- Jigi za uzito wa 1/32, 1/16 na 1/8 ya wakia. Jigi ni ndoano iliyomiminiwa risasi kichwani na kuvalishwa mkia.
- Mikia ya plastiki ya inchi moja na nusu hadi mbili, na jigi kadhaa zilizofungwa manyoya ya ndege.
- Ndoano tupu za waya mwembamba, namba 4 na 6.
- Maboya yenye tundu la kupitisha mshipi, shanga ndogo, uzi wa kufungia kizuizi (fundo la kuzuia boya lisiteleze kupita kina unachotaka), na risasi ndogo za kubana.
- Risasi moja nzito yenye kibanio, ya kupimia kina.
- Ndoo ya vidagaa hai, wavu wenye mpini mrefu, koleo jembamba.
- Glavu jozi mbili (moja italowa), chupa ya chai, nguo za kubadilisha ndani ya gari.
- Jaketi la kuokolea, tena limevaliwa na kufungwa vifungo. Likiwa chini ya kiti cha boti halina kazi.

Mashine ya sona, inayoonyesha kina na samaki walio chini, inasaidia sana lakini si lazima. Mimi nilivua miaka miwili bila sona, na nitaonyesha jinsi ya kupima kina kwa mikono.

Onyo kabla ya lolote. Maji ya Januari yanaua haraka kuliko unavyodhani. Wafundishaji wa usalama wa majini hutumia hesabu ya 1-10-1: una dakika 1 ya kutuliza pumzi baada ya mshtuko wa baridi, dakika kama 10 za mikono kufanya kazi ya maana, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Kujua kuogelea hakukusaidii mikono ikishagoma. Sisi tuliokulia kwenye Tanganyika, ambako maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, ndio tunaojidanganya zaidi.

## Hatua ya 1: Angalia kibali chako

Kibali cha kuvua cha Kentucky hakihesabiwi miezi 12 tangu ulipokinunua. Mwaka wake huanza Machi 1 na kuisha siku ya mwisho ya Februari. Ulichonunua Oktoba kinakufa Februari, na ni hapo hapo krapi wanapoanza kuchangamka. Kila mwaka kuna anayekamatwa wiki ya kwanza ya Machi akionyesha karatasi ya mwaka uliopita. Kuanzia miaka 16 kibali kinahitajika, kwa hiyo kijana wako wa sekondari naye umhesabu.

Urefu wa chini wa krapi na idadi ya kwenda nayo nyumbani hutofautiana ziwa kwa ziwa na hubadilishwa. Fungua mwongozo wa mwaka huu wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, tafuta jina la ziwa lako, upige picha ukurasa huo. Usitegemee alichokwambia shemeji.

## Hatua ya 2: Chagua siku na saa

Tafuta siku ya tatu ya utulivu. Kukiwa na siku mbili tatu mfululizo za jua bila upepo mkali, nenda ya tatu. Siku moja baada ya upepo wa kaskazini kupita, anga ikiwa bluu kali na baridi ya kukata masikio, krapi hujibana ndani ya matawi na kufunga mdomo.

Huhitaji kuamka saa kumi alfajiri. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni kunatosha. Jua linakuwa limepasha maji nyuzi moja au mbili, na kwa samaki aliyepoa, nyuzi moja ni kubwa. Pia barafu haigandi kwenye matundu ya fimbo yako.

## Hatua ya 3: Tafuta mto uliozama

Maziwa haya ni mito iliyozibwa kwa mabwawa. Chini ya maji kitanda cha mto wa zamani bado kipo, kina kingo zake, kona zake na vijito vilivyokuwa vikiingia. Majira ya kuchipua krapi hupanda maji ya kina kifupi kutaga. Majira ya baridi hushuka hadi kwenye kingo za mto huo, na hasa pale kijito kinapokutana na mto, kwa sababu kina cha maji huko hakibadiliki joto haraka. Maji huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, ndipo yanazama. Juu kunaweza kuwa karibu na kuganda na chini pakabaki pale pale kwenye nyuzi 4. Samaki hahitaji joto. Anahitaji mahali pasipoyumba.

Kisha tafuta miti. Krapi hapendi kukaa uwanjani. Anataka tawi, kisiki, nguzo ya daraja, kitu cha kujibanza huku akisubiri kitoweo kipite juu. Idara ya jimbo huzamisha miti kwa makusudi, ikiwamo miti ya Krismasi ambayo watu hupeleka sehemu za kukusanyia baada ya sikukuu, na ramani za marundo hayo hutolewa bure zikiwa na alama za GPS. Ziingize kwenye simu yako kabla ya kutoka nyumbani.

Wasio na boti, msikate tamaa. Tafuteni mojawapo ya haya: gati lililojengwa juu ya maji marefu ambako uvuvi unaruhusiwa, barabara inayokatiza ziwa yenye mawe makubwa pembeni, au ukingo mkali ambapo mwamba unaingia moja kwa moja majini. Kanuni ni moja: kutoka unaposimama, uweze kufikia futi 15 za kina bila kurusha mbali. Ufukwe wenye mteremko mdogo uache hadi Aprili.

Onyo la kina kinachohama. Kentucky Lake hushushwa kila majira ya baridi kutoka futi 359 juu ya usawa wa bahari hadi 354. Rundo uliloandika Juni kuwa liko futi 17 chini, Januari liko futi 12. Kama hukupunguza hizo futi 5, jigi yako inalala kwenye matope.

## Hatua ya 4: Kipime kina, usikikisie

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mwangalie krapi usoni. Macho yake yameelekea juu. Anaona kilicho juu yake na mbele yake, na chakula chake hukipandia. Jigi ikipita nusu futi chini ya tumbo lake, kwake haipo. Ikipita futi moja au mbili juu ya kichwa, ataiona, na akiwa na nia atapanda kuichukua.

Kwa hiyo kosa la kuwa juu kidogo linasameheka. Kosa la kuwa chini halisameheki.

Mfano wa hesabu. Sona au ramani inasema chini ni futi 20. Rundo la matawi lina kimo cha futi 6, basi kilele chake kiko futi 14. Samaki watakuwa kileleni au futi moja juu yake. Jigi iweke futi 12. Ngojea dakika tano. Kimya? Shusha nusu futi. Kimya tena? Nusu futi nyingine. Ukifika kwenye matawi, umevuka, rudi juu.

Huna sona? Bana ile risasi nzito kwenye jigi, ishushe hadi iguse chini na mshipi ulegee. Kisha uvute ukipima kwa pima, mikono ikiwa imenyooshwa, kama wanavyopima wavuvi wa kwetu. Pima moja ya mtu mzima ni kama futi 6, kwa hiyo pima tatu na kidogo ni futi 20. Mwenye mikono mifupi ajipime kwanza nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani. Mimi pima yangu ni futi 5 na inchi 8, na tofauti hiyo ndogo ikirudiwa mara tatu inafika futi nzima.

Anayetumia boya linaloteleza apime hivi: ile risasi ikiwa imebanwa, boya likizama, kizuizi kiko chini mno, kisogeze juu. Boya likilala ubavu, umezidisha. Likisimama wima na ncha tu ikionekana, umepata kina kamili cha mahali hapo. Sasa punguza futi unazotaka, toa risasi nzito, anza kuvua.

Utajua umefanikiwa ukiguswa mara mbili kwenye kina kile kile. Hapo funga alama: uzi wa rangi kwenye mshipi, au tone la rangi ya kucha. Krapi wa baridi hupangana kwa tabaka, na wa tatu atakuwa hapo hapo.

## Hatua ya 5: Chagua uzito wa jigi, halafu umbo

Kanuni yangu: jigi nyepesi kuliko zote ambayo bado unaihisi. Jigi nyepesi huzama polepole na hukaa muda mrefu mbele ya samaki asiye na haraka.

1/32 ni ya chini ya boya, maji yakiwa yametulia na kina kikiwa chini ya futi 12. 1/16 ndiyo mfanyakazi wa kila siku, futi 12 hadi 20. Kwa mshipi wa ratili 4 huzama takribani futi moja kwa sekunde, kwa hiyo hesabu moja, mbili, tatu hadi kina chako. 1/8 ni ya upepo, au ya kuzidi futi 20, na hapo ninaivalisha mkia mdogo ule ule. Uzito unaongezeka, umbo halikui.

Kuhusu umbo, Aprili mkia wenye kujipinda unaotikisika sana huuza. Januari unatisha. Chukua mkia ulionyooka au ule wa bomba wenye nyuzi nyuzi mwishoni. Kipenzi changu maji yakishuka chini ya nyuzi 45 za Farenhaiti (kama 7 za Selsiasi) ni jigi ya manyoya. Ishike ndani ya glasi ya maji uone: hata ukiiacha kabisa, yale manyoya yanafunguka na kujifunga taratibu kama kitu kinachopumua. Plastiki kwenye baridi hukakamaa.

Chakula cha krapi wakati huu ni shadi, samaki wadogo wa fedha wanaofanana na dagaa wetu. Aina moja ya shadi haivumilii baridi, na maji yakishuka kwenye nyuzi arobaini na kitu za Farenhaiti huanza kufa, wakizama huku wakitetemeka. Hicho ndicho unachokiigiza.

## Hatua ya 6: Funga fundo, kisha liangalie

Kwa kushusha wima, jigi lazima ining'inie mlalo kama samaki aliyetulia. Jigi inayoning'inia kichwa juu mkia chini haifanani na kiumbe chochote.

Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la jigi. Funga fundo la kawaida lililolegea kwa uzi huo wa mara mbili. Chukua kitanzi kilichobaki, kivushe jigi nzima ipite ndani yake. Lowesha kwa mate, kisha kaza taratibu; ukikaza kavu, nailoni inaungua na itakatika kwa samaki wa maana.

Sasa shika mshipi, acha jigi ining'inie. Imeinama? Sogeza fundo kwa ukucha hadi likae juu kabisa ya tundu. Kila ukitoa samaki fundo linateleza, kwa hiyo lisogeze upya. Mtu anapata krapi wawili kisha ghafla kimya, anadhani kundi limeondoka, kumbe fundo limehamia mbele na jigi imesimama wima.

Chini ya boya unaweza kutumia kitanzi kisichokaza, kwa sababu mawimbi madogo yatailaza na kuichezesha yenyewe.

## Hatua ya 7: Rangi, kwa ufupi

Maji safi: nyeupe, kijivu, au rangi yoyote ya samaki mdogo. Maji ya chai ya maziwa: njano kali ya kijani au pinki. Maji ya matope: nyeusi mwili, njano mkia, maana kivuli cheusi kinaonekana kuliko rangi zinazong'aa.

Jigi tatu zinatosha. Badilisha rangi baada ya kubadilisha kina mara tatu.

## Hatua ya 8: Chambo hai na mbinu tatu

Kidagaa hai cha inchi moja na nusu hadi mbili bado ndiye mwalimu. Siku ngumu kabisa, kidagaa atauza pale jigi inapodharauliwa. Mtoboe midomo yote miwili kutoka chini kwenda juu ukitumia ndoano tupu namba 4 au 6, au mweke kwenye jigi ya 1/16 yenyewe. Akitobolewa mgongoni, nyuma ya pezi, hucheza zaidi lakini hudondoka upesi.

Ndoo ya vidagaa iache nje kwenye baridi, usiiingize kwenye gari lenye hita. Ukiwapasha joto kisha ukawatumbukiza maji ya nyuzi 5 za Selsiasi, wanakufa kwa mshtuko. Wala usiongeze maji ya bomba, klorini itawamaliza. Jioni, waliobaki usiwamwage ziwani. Hujui wametoka maji gani na wamebeba nini.

Huna vidagaa? Buu mmoja wa nondo kwenye ncha ya jigi, au kipande cha chambo cha unga chenye harufu kama kile cha kampuni ya Berkley, huongeza sekunde chache ambazo krapi anakaa na ndoano mdomoni.

Mbinu ya kwanza, kushusha wima. Hii ndiyo ya Januari. Simama juu kabisa ya rundo, shusha jigi hadi kina ulichopima, halafu usifanye kitu. Nasema kweli. Mikono yako yenyewe, kwa baridi ile, inatetemeka vya kutosha. Baada ya nusu dakika inua inchi tatu, rudisha, nyamaza. Anayeirusha jigi juu chini futi mbili anapunga mkono kumuaga samaki.

Mbinu ya pili, boya linaloteleza. Ni kwa wa ukingoni na gatini. Mpangilio kuanzia rilini: kizuizi cha uzi, shanga, boya, risasi ndogo ya kubana, kisha futi moja au moja na nusu chini yake, jigi au ndoano ya kidagaa. Rusha kupita rundo, vuta taratibu hadi boya liwe juu yake, acha. Upepo mdogo unaotikisa boya unakufanyia kazi bure. Boya liwe dogo na jembamba. Lile la duara, jekundu na jeupe, la watoto lina nguvu ya kuelea kubwa mno, na krapi wa baridi akihisi ukinzani anatema.

Mbinu ya tatu, kuogelesha polepole. Itumie unapotafuta. Rusha, hesabu hadi kina, kisha zungusha mpini wa rili mzunguko mmoja kwa sekunde tatu au nne. Ukidhani uko polepole, punguza nusu. Ukishampata mmoja, acha kurusha, sogea juu yake ushushe wima.

## Hatua ya 9: Kuhisi na kuinua

Mwaka juzi nilikuwa Taylorsville na kijana mmoja wa Uvira, mvuvi mzuri ambaye kwao walivua ndagala kwa taa usiku. Baada ya kukaa muda wa saa mbili nzima akaniambia, "Yaya, hapa samaki hakuna." Nikakaa nyuma yake nikiangalia mshipi wake wa njano. Ulikuwa umenyooka, mara ukalegea, ukapiga kajipinda kadogo juu ya maji.

"Mdogo wangu, huyo."

"Yuko wapi? Sijahisi kitu."

Ndivyo ilivyo. Krapi hula kwa kupanda. Anameza jigi na kuendelea juu, uzito unaondoka kwenye mshipi, mkono hauhisi chochote. Mwezi Januari theluthi mbili ya waliokula kwangu nawaona kwa macho, ndiyo maana nikasisitiza mshipi wa rangi. Dalili ni tatu: mshipi unalegea ghafla, mshipi unahamia pembeni bila sababu, au ncha ya fimbo inapata uzito kidogo kama imebeba jani bichi. Kwa mwenye boya kuna ya nne: boya linalala ubavu badala ya kuzama. Hapo wengi husubiri lizame. Usisubiri.

Ukiona lolote kati ya hayo, inua. Usitingishe, usipige. Mdomo wa krapi ni ngozi nyembamba kama karatasi, na ukivuta kwa hasira unachana tundu ambalo ndoano itatokea humo humo. Inua fimbo kwa mkono mmoja kama unayenyanyua kikombe cha chai kilichojaa, kisha endelea kuzungusha rili bila kusita. Ukilegeza hata kidogo anadondoka. Mfikishe juu ya maji, chini yake kuwe na wavu. Usimrushe botini kwa mshipi.

Ukinasa tawi, usivute kwa nguvu na kutibua rundo zima. Simama juu yake, legeza, gonga mshipi kwa kidole jigi ipige chini kwa uzito wake. Ikigoma, vuta pole pole kwa mstari. Ndoano ya waya mwembamba itanyooka na kutoka. Irudishe umbo kwa koleo, uendelee.

## Hatua ya 10: Nani arudi, nani akaangwe

Samaki aliyetolewa chini sana, kuanzia karibu futi 30, hupanuka kibofu cha hewa akipanda. Utaona tumbo limevimba, macho yametokeza. Ukimrudisha anaelea ubavu na kufa. Kwa kuwa sheria ya urefu inakulazimisha kurudisha wadogo, maana yake usivue kina hicho kama waliopo ni wadogo. Hamia rundo la futi 18. Na ukishafikisha idadi yako, funga vifaa. Kuendelea "kwa kujifurahisha" kwenye maji marefu ni kuua samaki ambao huli.

## Ukikosa, angalia haya kwa mpangilio

Umekaa rundo moja dakika 20 bila kuguswa: hama. Marundo sita kwa siku ni ya kawaida, na mara nyingi mawili tu ndiyo yana samaki.

Unaguswa lakini hunasi: shuka uzito mmoja wa jigi, au ongeza kidagaa. Ukiwa tayari uko 1/32 na kidagaa, unachelewa kuinua.

Sona inaonyesha samaki lakini wamekaa tu: pandisha jigi futi moja juu yao, iache dakika mbili kamili kwa saa. Dakika mbili ukiwa kwenye baridi ni ndefu kuliko misa ya Pasaka, na ni hapo mkono unapoharibu kazi.

Barafu imeziba matundu ya fimbo: itumbukize fimbo majini, itayeyuka. Usiivunje kwa ukucha, utakwaruza tundu na mshipi utakatika baadaye.

## Jikoni

Krapi wa baridi ana mnofu uliokaza, hana harufu ya tope. Mkate pande mbili kutoka shingoni hadi mkiani, chuna ngozi, toa mifupa ya ubavu kwa kisu chembamba. Wenyeji wa hapa humgaagaza kwenye unga wa mahindi kabla ya kumkaanga, kwa hiyo ile sembe uliyonunua kwa ajili ya ugali inatosha. Chumvi, pilipili manga, ndimu kwa mbali. Mafuta yawe yamechemka kweli, dakika mbili hadi tatu kila upande, basi.

Na kabla ya kulala, fungua kisanduku cha jigi ukiache wazi karibu na hita. Ndoano za waya mwembamba zikilala zimelowa usiku mmoja, asubuhi zina kutu, na zile za manyoya zitagandamana zisifunguke tena.